Nafasi Iliyopatikana kwa Uongo

Wengi hudhani kwamba vyuo vikuu huchungua kila neno la kijana aombaye kupokelewa. Sivyo. Tutazame nchi ya Marekani. Huko alama za masomo hukaguliwa, kwani shule yenyewe huzipeleka chuoni. Lakini insha, kazi za huruma na vyeo ambavyo kijana hujisifia, mara nyingi husadikiwa kwa sababu tu ametia sahihi kwamba yote ni kweli. Chuo Kikuu cha California huchagua baadhi ya waombaji kama kwa kura na kuwadai ushuhuda, wengine hawaulizwi.

Basi uongo hupita. Mwaka 2007 kijana mmoja alipokelewa Harvard kwa hati za kughushi, akapewa tuzo na fedha. Hila yake ilifunuliwa mwaka 2009. Mwaka ule ule wa 2007, mkuu wa kupokea wanafunzi katika chuo cha MIT aliacha kazi, kwa kuwa alikuwa amejidai shahada ambazo hakuzipata. Mlinzi wa mlango alikuwa ameingia kwa dirisha! Mwaka 2019 watu wapatao 50 walishtakiwa, wakiwamo wazazi matajiri waliotoa rushwa ili watoto wao wahesabiwe kuwa wanamichezo hodari.

Mtu atasema: «Kama hakuna aliyeniuliza, nimekosa nini?» Tujibu. Kwanza, Amri ya Nane haikuwekwa kwa ajili ya mkaguzi. Anania na Safira hawakuchunguzwa na askari, walimdanganya Mungu. Pili, nafasi za chuo zina hesabu. Aingiaye kwa uongo humtoa mwingine, naye aliyetolewa hajui kamwe kwamba ameibiwa. Hapo Amri ya Saba nayo imevunjwa.

Swali lililo gumu zaidi ni hili: aliyedanganya, kisha akasoma kwa bidii na kushinda mitihani kwa haki, afanye nini akitubu? Elimu aliyoipata ni yake kweli. Hakuna awezaye kuitoa kichwani mwake. Lakini njia aliyopitia ilikuwa ya mwenzake. Kutubu na kushika kilichoibwa haviendi pamoja. Zakayo alilijua hilo. Fedha alizopewa kwa uongo azirudishe. Hati ya uongo asiitumie tena. Na kama hamjui yule aliyemdhulumu, deni halifi: amsaidie mtoto maskini apate karo, tena amwombe padri shauri juu ya mengine yanayompasa.

Je, chuo kikikagua, kinawadharau vijana? Hapana. Kukagua ni haki, kwa maana humlinda mtoto wa maskini asiye na mtu wa kumpambia barua. Lakini wakaguzi hata wakiwa elfu hawawezi kuingia ndani ya dhamiri. Mahali wasipofika, sahihi ya mtu husimama peke yake mbele ya Mungu.

Nanyi makatekista na walimu, mnaoombwa mara kwa mara barua za ushuhuda wa mwenendo mwema, jihadharini. Mzazi atakuja na kuku mkononi, au ndugu atasihi kwa machozi. Msiandike msilolijua. Huruma inayomwinua mmoja kwa kumwangusha mwingine asiyeonekana si huruma. Andikeni sifa zilizo za kweli, hata zikiwa chache; hizo zatosha.