Upanga wa Goliathi Ulihama Hema

Kwenye ushirika wa wanaume Ruiru liliulizwa swali: je, mtu aliyeokoka anaweza kukusanya bastola za zamani? Wengine walicheka. Lakini tusicheke, maana swali hilo linamgusa kila mwenye kitu anachokipenda sana.

Kwanza tuelewe kitu chenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19, kampuni kama Smith & Wesson ya Marekani na Webley ya Uingereza zilitengeneza rivolva za kulengea shabaha tu. Hazikukusudiwa vita, zilikusudiwa karatasi yenye duara. Zilizobaki ni chache, na bei yake si mchezo. Anayezipenda huona kazi ya fundi, na ustadi wa mikono ni kipawa cha Mungu, kama alivyopewa Bezaleli (Kutoka 31).

Sheria nayo iko wazi. Sura ya 114 inadai cheti, na mwaka 2018 serikali iliagiza raia wenye leseni za bunduki wapigwe msasa upya. Anayeficha silaha asije kwetu kutafuta mahubiri. Aanzie kituo cha polisi.

Sasa tuseme ana cheti. Je, yamekwisha? Hapana. Hebu tumwangalie Daudi. Alipomuua Goliathi, aliziweka silaha zake hemani mwake (1 Samweli 17:54). Lakini sura ya 21 inatuonyesha ule upanga uko Nobu, kwa kuhani, umefungwa kwa nguo nyuma ya naivera. Ulikuwa umetoka hemani kwa Daudi. Ukawa ukumbusho wa alichofanya Mungu, si pambo la mshindi.

Tena kuna nyoka wa shaba. Musa alimtengeneza kwa agizo la Mungu, na watu wakapona. Walipomhifadhi wakaishia kumfukizia uvumba, hadi mfalme Hezekia akamvunja (2 Wafalme 18:4). Kitu kizuri, chenye historia safi, kiligeuka mungu.

Lakini ona hapa, mpendwa. Hezekia huyo huyo, wageni wa Babeli walipokuja, aliwafungulia ghala: fedha, dhahabu, manukato, hata nyumba ya silaha zake (2 Wafalme 20:13). Aliyevunja sanamu ya wengine hakuiona ya kwake! Ndiyo maana tusimnyoshee kidole ndugu wa bastola. Wewe yako ni nini? Gari? Ploti ya Juja? Vyombo vya kabati ambavyo watoto hawaruhusiwi kugusa?

Na tusimsahau jirani. Wako kati yetu waliompoteza mtu kwa risasi. Wewe ukiona ufundi, yeye anaona mazishi. Paulo alikuwa tayari kuacha nyama maisha yake yote asimkwaze ndugu (1 Wakorintho 8:13). Je, sisi tunaweza hata kuacha kujionyesha?

Hapa kwetu, kati ya Ruiru na Thika, tajiri McMillan alikuwa na shamba lake la Juja. Mwaka 1909 alimkaribisha Theodore Roosevelt, aliyekuja kuwinda akiwa na bunduki za fahari. Leo moja ya bunduki hizo iko jumba la makumbusho huko Marekani. McMillan amelala Kilimambogo, mlima tunaouona tukiwa Thika. Vitu vimebaki, wenyewe wameenda. Katika mfano wa Yesu, Mungu alimuuliza tajiri mpumbavu swali hilo hilo: ulivyoviweka vitakuwa vya nani? (Luka 12:20).

Basi kipimo ni hiki: kitu hicho kinaweza kutoka hemani mwako? Mungu akisema leo kiuzwe kulipia mtoto wa jirani karo, mkono wako utafunguka? Ukifunguka, wewe ndiye unayekishika. Usipofunguka, chenyewe kimekushika, hata kama kina cheti.

Wiki hii, jioni moja, taja mbele za Bwana kitu kimoja ambacho kingekuuma kukitoa. Anza maombi yako hapo. Mungu awabariki.