Asante ya Siku ya Kwanza

Elfu moja ya kwanza niliyowahi kupewa na mgeni, nilipewa kabla sijamfanyia kitu. Nilikuwa nimebeba begi lake tu, kutoka kaunta hadi ghorofa ya pili, chumba namba 14. Akatoa noti, akaikunja mara mbili, akanitia mkononi kama mtu anayempa mtoto peremende kanisani. "Boss," akasema, "niko hapa siku nne. Nishughulikie."

Hoteli yenyewe ilikuwa Meru mjini, si mbali na Makutano. Unazijua hizo: chini nyama choma na televisheni ya mpira, juu vyumba. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda, na hapo nilikuwa nalipwa mia tano kwa siku. Kwa hivyo ile noti ilikuwa siku mbili za kazi, imekuja kwa dakika tatu. Nani angekataa?

Nilimshughulikia. Ilikuwa Julai, na kama unadhani baridi ni ya Limuru peke yake, basi hujalala Meru mwezi wa saba, ukungu ukishateremka kutoka mlimani. Kila chumba kilikuwa na mablanketi mawili, moja kitandani na lingine kabatini. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo, lakini jioni hiyo niliingia chumba namba 9, ambacho kilikuwa bado hakijapata mtu, nikachukua blanketi la kabatini, nikampelekea mgeni wangu wa 14. La tatu. Alifurahi sana. Akaniambia nitafika mbali.

Saa mbili usiku, namba 9 ikachukuliwa na mzee mmoja kutoka upande wa Maua. Mke wake alikuwa amelazwa hospitalini. Mzee hakujua kwamba kabatini kulipaswa kuwa na kitu. Asubuhi nilimkuta ameketi kitandani, koti limefungwa hadi kifungo cha juu. "Muga," akanisalimu. Nikamuuliza amelalaje. "Nimelala vizuri, kijana wangu. Ni baridi tu kidogo." Alikaa usiku mbili. Akiondoka alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru, akaniombea. Hakunipa hata shilingi.

Ile elfu niliitumia wiki hiyohiyo, siwezi hata kukumbuka kwa nini. Asante ya mzee bado ninayo, na ndiyo inayonisumbua.

*

Nina rafiki niliyesoma naye sekondari, mtu wa Runyenjes, ambaye siku hizi anatandika vitanda kwenye meli ya watalii huko Karibiani. Hunitumia ujumbe wa sauti usiku wake, mimi nikiamka. Anasema abiria ni wa aina mbili: wanaompa bakshishi siku ya kwanza, begi likiwa bado halijafunguliwa, na wanaompa siku ya mwisho. Kuna pia kampuni ambazo huongeza bakshishi kwenye bili ya abiria, kiasi fulani kwa kila siku, ili mambo yasitegemee roho ya mtu. Lakini hata huko, bado wengine hutoa ya mkononi, na bado wanabishana wao kwa wao: utoe mapema au ungoje uone kazi?

Nilimuuliza yeye anapenda gani. Akacheka. "Ya kwanza, bro. Ya kwanza naweza kutuma nyumbani. Ya mwisho ni maombi."

Mwanzoni nilidhani swali hili ni rahisi. Asante huja baada ya tendo. Ukinishukuru kabla sijafanya lolote, hunishukuru, unaninunua. Na sisi Wakenya tunalijua hilo vizuri, maana lugha yetu yenyewe imetufichulia siri. "Chai" ni pesa unayompa mhudumu kwa sababu amekuhudumia vizuri, na "chai" ni pesa unayompa afisa ili akuhudumie kabisa. Tunatumia neno moja kwa vitu viwili, na mara nyingi tofauti ni saa tu: chai ya kabla na chai ya baada. Ile Sheria ya Kuzuia Hongo ya mwaka 2016 inamwona anayetoa kuwa mkosaji kama anayepokea, lakini hakuna askari atakayekuja kukukamata kwa kumkunjia mhudumu wa hoteli noti. Hapo tumeachiwa dhamiri zetu, na dhamiri, kama blanketi, hutegemea uko chumba gani.

Basi tuseme ya kabla ni mbaya na ya baada ni nzuri? Ngoja kwanza.

Nina binamu ambaye hupanda Mlima Kenya kwa njia ya Chogoria, akiwa amebeba mizigo ya watu wengine. Huko desturi ni bakshishi ya mwisho. Mnaanza kwenye geti, mnapita karibu na Ziwa Ellis, mnapandisha hadi Lenana, mita 4,985, mnashuka. Siku zote hizo binamu yangu anabeba, na juu ya mzigo anabeba tabasamu. Mgeni akitaka hadithi, anapewa hadithi. Akitaka kimya, anapewa kimya. Binamu yangu akiwa na kichwa kinamuuma, hakimuumi. Siku ya mwisho wanapanga mstari, na hapo ndipo anajua kama siku zake nne zilikuwa na thamani ya elfu mbili au ya soksi zilizovaliwa.

Hiyo nayo ni asante kweli? Mimi naiona kama kamba. Mgeni ameshika ncha moja, mpagazi amefungwa ncha nyingine, na kwa sababu pesa haijatoka, kamba haikatiki. Anayetoa mwisho anasema anangoja kuona kazi. Lakini kazi ilishalipiwa, au angalau ingepaswa kuwa imelipiwa. Kile anachongoja kuona ni unyenyekevu. Anayetoa siku ya kwanza, akitoa bila masharti, anakata kamba. Anasema: hii ni yako, hata ukinuna.

Tatizo ni hayo maneno mawili, bila masharti. Mgeni wangu wa namba 14 hakuyasema. Yeye alisema "nishughulikie."

*

Wameru wana zawadi ya mwanzo ambayo hakuna mtu anayeiita hongo. Familia ikitaka kumposa binti, hupeleka kwao ncoolo, kifungu maalumu cha miraa, kimefungwa kwa heshima yake. Kinapelekwa kabla ya mazungumzo, kabla ya ndiyo au hapana. Ukikitazama kwa haraka utasema hiki ni kitu kidogo: wameleta zawadi ili wapewe wanachotaka.

Lakini tazama kinavyofanya kazi. Hakikunjwi mara mbili na kutiwa mtu mmoja mkononi kwenye ngazi. Kinaletwa mbele ya watu, kila mtu anajua kimetoka wapi na kinauliza nini. Wenye nyumba wanaweza kukikataa, na kukikataa huko ni jibu. Zaidi ya yote, kikipokelewa, hakuna nyumba ya jirani inayolala baridi kwa sababu yake.

Nilipofikia hapo ndipo nikaona nimekuwa nikiuliza swali baya. Nilikuwa nauliza bakshishi itolewe lini. Nilipaswa kuuliza blanketi la tatu limetoka wapi. Kwa sababu mgeni wa 14 alidhani ananilipa yeye. Alitoa elfu moja yake, mfukoni mwake, na moyoni nadhani alijiona mkarimu. Lakini aliyelipia lile blanketi ni mzee wa namba 9, ambaye hakuwepo tulipokubaliana, na ambaye alikuwa ameshalipia blanketi lake mwenyewe pale kaunta.

*

Ningependa kuishia hapo, nikiwa nimejitoa kimasomaso. Lakini mwaka uliofuata mama yangu alilazwa katika hospitali moja Embu, na mimi nikawa mgeni wa namba 14.

Nilitoka Meru na matatu ya alfajiri. Tulipokaribia daraja la Nithi gari zima likanyamaza, kama kawaida, na mimi nikawa nahesabu pesa mfukoni. Nilipofika wodini, kabla hata sijaketi, mama akaninong'oneza: "Yule mama anayefagia, mpe soo mbili. Mpe mapema."

Nikampa. Yule mama akazipokea bila kuziangalia, akaziweka kwenye mfuko wa aproni, akaniambia, "Usijali, kijana wangu, huyu ni mama yangu sasa." Na kweli. Kuanzia siku hiyo shuka za mama zilibadilishwa kwanza. Themosi yake ilijazwa maji moto asubuhi, kabla foleni ya birika haijaanza. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo, huyo mama. Alikuwa na mikono miwili na wodi nzima, na ni lazima mikono ianzie mahali fulani. Mimi nilimlipa ianzie kwetu.

Kitanda cha pembeni kulikuwa na dada mmoja wa kutoka Mbeere. Siku tatu nilizokaa pale, sikuona mtu akija kumwona. Themosi yake ilikaa tupu hadi saa sita. Hakulalamika. Alikuwa akiitazama tu, halafu anatazama dirisha.

Nilimwambia mama kwamba ninajisikia vibaya. Mama yangu ni mwanamke wa kanisa, hajawahi kuniibia hata senti kwenye hesabu za duka, na jibu lake lilinipiga kofi. "Mkono mtupu haulambwi," akasema. "Ulitaka nilale kwenye shuka chafu ndiyo roho yako itulie?"

Sikuwa na jibu. Kusema kweli, sina mpaka leo. Ni rahisi kuwa na msimamo ukiwa mzima. Ukiwa na mzazi kitandani, huulizi haki ni nini, unauliza maji moto yako wapi. Na sitamhukumu mtu yeyote anayetoa soo mbili kwenye wodi, kwa sababu nikirudishwa pale kesho, najua mkono wangu utaenda mfukoni kabla ya akili yangu. Ninachokataa ni kujidanganya kwamba ni asante. Ile haikuwa asante. Nilinunua zamu ya dada wa Mbeere, na hakuwa ameiuza.

Kesho yake nilimmiminia maji kutoka kwenye themosi yetu. Akasema asante. Nikaikumbuka ile asante ya Meru, nikashindwa kumtazama usoni.

*

Basi tufanye nini? Nitakuambia ninachofanya mimi, usikichukue kama amri.

Nikilala hotelini, natoa bakshishi siku ya kwanza. Natoa nilicho nacho, mia moja au mia mbili, na nasema waziwazi: "Hii ni yako, sihitaji kitu cha ziada." Halafu, na hapa ndipo kazi ilipo, sihitaji kweli. Nikitaka blanketi jingine naenda kuliomba kaunta kama mtu mwingine yeyote, wakiwa nalo wanipe, wasipokuwa nalo nivae soksi. Rafiki yangu wa meli anaweza kutuma hiyo nyumbani, na hana deni la tabasamu kwangu.

Mahali ambapo kitu ni kichache na ni cha wote, wodini, ofisini, kwenye foleni yoyote, najitahidi nisitoe kabla. Nikitaka kushukuru, nashukuru baada, mgonjwa akishatoka, na natoa kitu ambacho wote wa zamu wanaweza kukigawana, mkate na maziwa, mbele ya macho ya kila mtu. Nimesema najitahidi.

Na kuna mtu wa tatu ambaye hatumtaji kamwe katika mjadala huu: mwenye hoteli aliyenilipa mia tano kwa siku, na yeyote aliyeamua kwamba wodi nzima inatosha mikono miwili. Tunabishana mimi na wewe kuhusu soo mbili, kabla au baada, na wao wanalala vizuri. Kama ningekuwa nalipwa mshahara wa kutosha, labda ningelichukua lile blanketi hata hivyo, kwa tamaa tu. Binadamu ni binadamu. Lakini ningekuwa na sababu moja kidogo ya kulichukua.

Kutoa ni moyo, wahenga walisema. Sawa. Lakini mgeni wa 14 alikuwa na moyo, mimi nilikuwa na moyo, hata mama alikuwa na moyo, na bado kuna mtu alilala na koti.

Kwa hivyo ukipanda Meru mwezi wa saba, ukaingia chumbani ukakuta mablanketi matatu, usifurahi haraka. Fungua mlango, uliza la tatu limetoka chumba gani.