Mstari Usiojua Kusita

Je, mpaka upo ardhini, au umo vichwani mwetu tu? Swali hilo la wanafalsafa siku hizi hujibiwa na kompyuta bila mtu kuiuliza. Eneo linapowekwa kwenye ramani ya mtandaoni huandikwa kwanza kama orodha ya nukta, kila nukta ikiwa na longitudo na latitudo yake. Kanuni ya GeoJSON, iliyochapishwa rasmi mwaka 2016, inataka nukta ya mwisho iwe ileile ya kwanza, hata pembetatu huandikwa kwa nukta nne. Umbo lisilofungika halihesabiwi kuwa sahihi, na ndani ya orodha hiyo hamna pa kuandika "hapa hatujakubaliana." Kwa hiyo anayechora umbo anatoa ushahidi, na shahidi huulizwa alijuaje.

Tazama Ziwa Nyasa. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 uliuweka mpaka kwenye ufuko wa mashariki, na Malawi inaushikilia. Tanzania inasema mpaka unapita katikati ya maji, kama ilivyo desturi ya mataifa yanayopakana ziwani. Anayechora umbo la Tanzania hana budi kuchagua: mvuvi wa Mbamba Bay, kwenye ufuko wa Tanzania, anayesukuma mtumbwi majini yuko kwao au ameingia ugenini? Na ufuko wenyewe hautulii. Maji hupanda na kushuka, ilhali nukta za kwenye faili hubaki pale pale zilipowekwa. Hata jina ni uamuzi, maana ng'ambo huliita Ziwa Malawi.

Atasema mtu kwamba bila mistari hakuna utawala, kwani shule, zahanati na kura hupangwa kwa maeneo. Ni kweli, na mstari siukatai. Ninaukataa ule unaojifanya umeshuka kutoka mbinguni. Mwingine atasema mchoraji ni fundi tu. Muuza nyama naye ana mizani tu, lakini akipunja hatulaumu chuma. Tena njia ipo. Palipo na mgogoro mstari uchorwe kwa vipande, madai yote mawili yaonekane, na katika sehemu ya sifa za umbo kiandikwe chanzo, mwaka na nani anapinga, ili msomaji akibofya asome. Kompyuta haitasita kamwe. Aliyeipa nukta ndiye wa kusita, na akisita aandike.