Ujira wa Fundi Nyumba Ikaribiapo Kwisha

Kujenga upya nyumba za wazee ni jambo linalozidi kuonekana mitaani kwetu. Kuta za udongo zabomolewa upande mmoja baada ya mwingine, makuti yashushwa, na watoto walioko mjini huleta fedha za matofali na bati. Siku za kwanza huwa za furaha. Mwashi huletewa chai asubuhi, huitwa "fundi wetu", na kila ukuta unaopanda husifiwa. Lakini nyumba ikishafika kwenye lipu, milango na rangi, maneno hubadilika. Fedha zimepungua, macho yamekuwa makali, na fundi yule yule sasa aitwa mvivu, pengine hata mwizi. Basi twauliza: je, mwenye nyumba aweza kwa haki kuzuia fungu la mwisho la ujira kwa sababu kazi ina kasoro?

Wako wajibuo upesi kwa kutaja Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, ambapo yaamriwa kwamba maskini apewe ujira wake siku ile ile kabla jua halijatua. Wengine husema fundi akishapewa fedha zote hataonekana tena. Hao nao hawakosi hoja. Hata katika mikataba ya majengo makubwa hushikwa akiba, aghalabu 5 hadi 10 kwa mia ya malipo, mpaka kasoro zirekebishwe. Lakini jambo hilo huandikwa kabla msingi haujachimbwa, na muda wake hutajwa. Hayo ni mapatano. Kuzuia kunakobuniwa mwishoni, mfuko ukiwa umekauka, ni kujikopesha kwa nguvu fedha za mtu ambaye mara nyingi ni maskini kuliko sisi.

Tena, kasoro hazilingani. Katika kitabu hicho hicho, sura ya 22, mwenye nyumba mpya aamriwa kujenga ukingo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka akafa. Ngazi isiyo imara, waya wa umeme ulioachwa wazi, boriti iliyopinda: haya hayasubiri huruma, na fundi ayarudie. Lakini kuna kasoro zinazoudhi jicho tu. Wengi wetu tumelizuru Kanisa Kuu la Kristo kule Mkunazini, Unguja, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, na ibada ya kwanza ikafanyika Krismasi ya 1877. Husimuliwa kwamba Askofu Steere alipokuwa hayupo, mafundi walizisimamisha nguzo fulani juu chini. Hazikugeuzwa. Zimesimama hivyo mpaka leo, na watu wanasali.

Mwaka huu tuliitwa, pamoja na wazee wengine wawili, kuamua shauri la namna hii. Mama mmoja alikuwa amezuia robo ya ujira wa fundi wake. Kuta za sebule zilikuwa na nyufa nyembamba kama unywele, rangi ilikuwa imevimba kama malengelenge, na chini ya ukuta mmoja palitoka unga mweupe. Kwa kutazama tu, mtu angesema fundi kaharibu.

Tuliuliza lipu ilipigwa lini na rangi ikapakwa lini. Siku tano! Saruji haikauki kama nguo kambani. Huhitaji maji ili ishikane, nayo huendelea kupata nguvu kwa majuma mengi. Ndiyo maana wahandisi huipima zege baada ya siku 28. Lipu mpya humwagiliwa asubuhi na jioni kwa muda wa juma zima hivi, kisha huachwa ikauke ndipo ipakwe rangi. Hapa maji ya bomba yalikuwa yamekatika, na mama alikuwa ameahidi kwamba kumwagilia kungefanywa na watu wa nyumbani. Kisha kukawa na kipaimara cha mjukuu, wageni wakawa njiani, rangi ikapakwa juu ya ukuta uliokuwa bado na unyevu ndani. Unyevu hutafuta njia ya kutokea, ukaisukuma rangi.

Unga mweupe, hata hivyo, ulikuwa chumvi. Mchanga ulichotwa ufukweni, haukuoshwa. Tulipomwuliza fundi kama alilijua jambo hilo, alijibu, "Mwalimu, nilijua. Lakini mama alikuwa na haraka, nami niliogopa kunyang'anywa kazi."

Jibu hilo limetusumbua. Tunachomlipia fundi ni ujuzi wake kuliko nguvu za mkono wake, na ajuaye kisha akanyamaza hajatoa chote alicholipiwa. Kwa upande mwingine, ni nani aliyemfundisha kunyamaza? Katika darasa ambalo kila aulizaye hukemewa, baada ya muhula mmoja hakuna aulizaye, na mwalimu hudhani wote wameelewa. Mwenye nyumba anayefoka kila asubuhi hana budi kuhesabu hasara ya yale asiyoambiwa.

Basi tuliamua hivi: fundi abandue lipu ya chini ya ukuta ule na kuipiga upya bila ujira, mama anunue saruji na mchanga wa mto, na gharama ya rangi iwe yake, robo ilipwe. Nyufa nyembamba zizibwe wakati wa kupaka rangi upya, wala zisitajwe tena.

Lakini palikuwa na mtu wa tatu, ambaye hakuitwa barazani. Ni kijana kibarua, aliyekuwa akibeba maji na kukoroga mchanga na saruji. Alikuwa ameahidiwa ujira wake kutoka katika robo ile ile, na alikuwa akingoja kwa majuma matatu. Mama alisema hakupatana naye. Fundi alisema hana cha kumpa kwa kuwa naye hajapewa. Wote wawili walisema kweli, na kijana alikuwa na njaa. Kwa maoni yetu, ile sura ya 24 yamhusu yeye kuliko yeyote kati yao. Tulimwuliza mama jina lake. Hakulijua, ingawa kijana huyo alikuwa amekunywa maji ya mtungi wake kwa miezi miwili. Shauri lake tukalitanguliza, akalipwa jioni ile mbele yetu, kabla hatujaanza kuzungumza habari za mchanga wala rangi.