Nguvu na Kadiri Yake

Nguvu ni kitu ambacho kila mtu hukitamani, lakini si kila mtu huuliza hutoka wapi na hulipiwa na nani. Maswali haya ni ya zamani. Huulizwa juu ya mtawala na raia, juu ya tajiri na kibarua, juu ya mkulima na ng'ombe wa plau. Hapa nitayauliza juu ya kitu kidogo zaidi: injini ya gari la petroli, na mtu ambaye nyumbani kwake, chini ya mwembe, kwa spana moja, huiongezea nguvu kwa kubadili wakati wa cheche. Shinyanga, Kahama na Geita, ambako gari kuukuu hupakiwa mzigo wa gari jipya, tamaa hiyo si ngeni. Nimechagua kitu kidogo kwa sababu hakina maneno mengi ya kujificha nyuma yake.

Kwanza kazi yenyewe ieleweke. Ndani ya silinda, mchanganyiko wa petroli na hewa hushindiliwa na pistoni inayopanda. Plagi hutoa cheche, mchanganyiko huwaka, na gesi ya moto huisukuma pistoni chini. Mtu angedhani kuwa cheche hutolewa pistoni ifikapo kikomo cha juu. Sivyo. Moto hauwaki wote mara moja. Huenea, na kuenea kwataka muda. Injini iendayo mizunguko 3,000 kwa dakika hupita digrii 18 za mzunguko katika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa hiyo cheche hutangulizwa digrii kadhaa kabla ya kikomo cha juu, ili msukumo mkubwa kabisa uje pistoni ikiwa imekwisha anza kushuka, yapata digrii 15 baada ya kikomo hicho. Mpango huu wa wakati ndio mafundi wauitao timingi. Katika magari ya zamani yenye distribyuta hurekebishwa kwa kulegeza bolti moja na kuizungusha distribyuta kidogo, huku alama ya puli ikitazamwa kwa taa ya timingi. Na asiye na taa hutumia sikio.

Katika kazi hii kuna sehemu isiyo na lawama. Cheche ikichelewa, sehemu ya joto hutoka pamoja na moshi bila kufanya kazi yoyote. Petroli imelipiwa, nayo imepotea. Mtu airudishaye cheche mahali pake hamnyang'anyi yeyote; huondoa ubadhirifu, na hukipa kila kitu wakati wake. Elimu ya namna hii, hata kama imepatikana chini ya mwembe wala si darasani, ni elimu ya heshima.

Lakini tamaa haina alama kwenye puli. Mtu aliyeona digrii tatu zimemfaa hudhani kuwa sita zitamfaa maradufu. Maumbile hayakubaliani naye. Nguvu huongezeka, kisha husimama, kisha hupungua, maana msukumo ujao mapema mno hupambana na pistoni ingali inapanda. Na pengine kabla ya kufika huko huja jambo baya zaidi. Gesi ambayo bado haijafikiwa na moto hubanwa na kupashwa joto hata ikalipuka yenyewe. Hapo injini hugonga. Husikika mlio kama wa changarawe zinazotikiswa katika kopo. Kugonga kukidumu, pistoni hupata joto kupita kiasi, hulika, na mwisho hutoboka.

Mwenye gari atasema: "Gari ni langu, na hasara ni yangu." Neno hili lina uzito, lakini halina uzito wote. Gari lililoharibika usiku kati ya Kahama na Geita huacha njiani abiria ambao hawakuulizwa. Gari lililouzwa huenda kwa mnunuzi ambaye alionyeshwa wepesi wake asionyeshwe jeraha lake. Faida aliila mmoja. Deni likaachiwa mwingine. Umiliki humpa mtu haki ya kutumia mali yake; haumpi haki ya kulipa kwa mfuko wa jirani.

Kadhalika, nguvu ambayo mtu hujisifu kuwa ameizalisha mara nyingine si yake. Shinyanga iko zaidi ya meta 1,100 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, silinda hujaa kidogo, na injini huweza kustahimili cheche iliyotanguliwa zaidi bila kugonga. Fundi hupata digrii zake na kuzihesabu kuwa ni werevu wake, kumbe amepewa na nchi. Gari hilo hilo likiteremka hadi Dar es Salaam, katika hewa nzito, laweza kugonga kwa timingi ile ile iliyosifiwa. Vivyo hivyo petroli. Ikichanganywa na mafuta ya taa, uwezo wake wa kustahimili kugonga hushuka sana. Na uchanganyaji huo ulienea hata EWURA ikaanza mwaka 2010 kuitia petroli alama ya siri ili wadanganyifu watambuliwe. Basi kipimo kilicho sawa mahali hapa, kwa mafuta haya, chaweza kuwa dhuluma mahali pale, kwa mafuta yale.

Sasa tumefika penye shina la shauri. Mtu asiye na taa hutanguliza cheche hadi injini igonge, kisha huirudisha kidogo. Yeye huichukua sauti ya kugonga kuwa ni lalamiko, na mahali pasipo lalamiko huhesabu kuwa pana ridhaa. Lakini kugonga kwa mwendo wa kasi, juu ya barabara ya vumbi, katikati ya kelele za bodi na upepo, hakusikiki. Injini huumia, dereva huimba. Sidai kuwa chuma kina roho, wala kwamba pistoni yaweza kudhulumiwa kama mtu. Nadai jambo jingine: mtu azoeaye kudhani kwamba kisicholalamika kimeridhika, hataiacha dhana hiyo gereji. Ataondoka nayo aende nayo shambani, ofisini na nyumbani.

Historia ya kugonga yenyewe ni ushahidi. Mwaka 1921 Thomas Midgley, aliyekuwa mtafiti wa General Motors huko Marekani, aligundua kuwa petroli ikitiwa dawa yenye madini ya risasi haigongi upesi. Injini zikaweza kushindilia zaidi na kutoa nguvu zaidi. Lalamiko lilinyamazishwa, lakini gharama haikufutwa, ilihama. Mwaka 1924 baadhi ya wafanyakazi waliotengeneza dawa hiyo walikufa kwa sumu yake, na kwa miaka mingi baadaye moshi wa magari ulibeba risasi hadi katika damu ya watoto, ambao ubongo wao huathirika kwa kiasi kidogo tu. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliiacha petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Algeria, ya mwisho duniani, mwaka 2021. Pistoni iliponyamaza, mtoto ndiye aliyelipa.

Na tusiende mbali. Geita, mchimbaji mdogo huichanganya zebaki na mchanga wa mawe yaliyosagwa. Zebaki huikamata dhahabu, kisha huchomwa juu ya moto ili dhahabu ibaki. Mvuke wake hauna rangi wala harufu. Achomaye hahisi kitu siku ile. Mikono hutetemeka baadaye. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliwekwa kwa sababu mwili wa mtu, kama injini ya mwendo kasi, huumia kabla ya kusikika.

Magari mengi ya sasa yamepewa kihisi kinachosikia kugonga, na kompyuta inayochelewesha cheche mara moja. Ni ajabu kwamba injini imepata mtetezi ambaye vibarua wengi bado hawana.

Iko njia ya hekima, wala si ngeni Usukumani. Ni ngitili. Sehemu ya malisho hufungwa mvua zianzapo, nyasi zikue, ifunguliwe kiangazi kikali ng'ombe wakiwa hawana pengine pa kwenda. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, uliihuisha desturi hiyo na kuirudishia nchi miti mingi. Ngitili haiongezi mvua; huweka wakati. Na nyasi, kama injini, hazilalamiki. Wazee hawakungoja ardhi ipige kelele ndipo waweke sheria. Waliiweka sheria kabla, wakaacha baki.

Baki hiyo ndiyo kadiri ninayoitafuta. Mwenye gari ana haki ya nguvu yote ambayo wakati sahihi humpa, na ana wajibu wa kusimama kabla ya pale injini ianzapo kugonga, akiacha nafasi kwa mzigo usiotazamiwa, mafuta mabaya, joto la mchana na masikio yake mwenyewe yasiyosikia yote. Digrii mbili alizoziacha hazikupotea. Ni amana ya abiria, ya mnunuzi ajaye, na ya yeyote atakayeshika usukani baada yake.