Muongo Anapita

Tarehe 7 Desemba 2015 Donald Trump, wakati huo akiwa bado mgombea, alitangaza kwamba anataka Waislamu wazuiwe kuingia Marekani. Kesho yake, kwenye televisheni, mtangazaji akamuuliza swali dogo: huyo Mwislamu mtamjuaje? Akajibu kwamba pengine msafiri ataulizwa kama yeye ni Mwislamu. Na akisema ndiyo, haingii? Trump akakubali kwamba ndivyo itakavyokuwa.

Nimeyarudia mahojiano yale mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu mwenye tasnifu ya kumaliza. Wengi waliosikia walikasirika, wengine walicheka. Mimi nilinasa kwenye ile "ndiyo". Hebu simama kwenye foleni pale dirishani. Mbele yako yuko mtu aliyekuja kuua. Nyuma yako yuko bibi mwenye tasbihi mkobani, anakwenda kumwona mjukuu. Wote wawili wanaulizwa swali moja. Huyo wa mbele, ambaye ameshakubali kumwaga damu, atashindwaje kusema hapana? Anayerudishwa ni bibi, kwa sababu tangu utotoni amefundishwa kwamba dini yako huikani mbele ya watu.

Wajapani walishalijaribu hili. Katika karne ya 17, Ukristo ukiwa umepigwa marufuku, watu wa Nagasaki walitakiwa kukanyaga picha ya Yesu au ya Maria ili wathibitishe kwamba wao si Wakristo. Aliyesita alijulikana. Lakini wapo waliokanyaga, wakarudi nyumbani wakasali kwa siri, wakawarithisha watoto na wajukuu sala zile kwa zaidi ya miaka 200, mpaka mwaka 1865 baadhi yao walipojitokeza kwa padri Mfaransa mjini humo. Serikali ilichopata kwa uhakika ni nyayo tu.

John Locke aliliona jambo hili nusu. Katika barua yake maarufu ya mwaka 1689 kuhusu uvumilivu wa dini, alisema kwamba nguvu ya dola haifiki moyoni. Halafu, humo humo, akasema wasioamini Mungu wasivumiliwe, kwa kuwa kiapo hakiwafungi. Sasa, mtu ambaye kiapo hakimfungi si angeapa tu, akaendelea na mambo yake? Anayebaki nje ni yule anayeona haya kuapa kwa Mungu asiyemwamini, yaani mtu mkweli kuliko wenzake.

Rafiki yangu mmoja wa darasani hanielewi hapa. Anasema nchi ni kama nyumba, na mwenye nyumba halazimiki kueleza kwa nini amemkataa mgeni. Tena, anauliza, kama mtu anaamini kwamba mimi nastahili kufa, kwa nini nimfungulie mlango? Hoja yake ina uzito, na majibu ya kusema "tupendane" hayaiondoi. Lakini angalia anachokiogopa: ni mtu anayetaka kumuua. Basi achunguze hilo, mtu huyo amefanya nini, amefadhili nini, anashirikiana na nani. Jina la dini ambayo watu zaidi ya bilioni moja wanaishika halimwambii lolote kati ya hayo.

Nadhani hata serikali zinajua kwamba swali la dirishani halifanyi kazi, ndiyo maana hutafuta alama nyingine. Amri ya tarehe 27 Januari 2017 haikuwataja Waislamu. Ilitaja nchi saba: Iran, Iraq, Libya, Somalia, Sudan, Syria na Yemen. Toleo la tatu la amri hiyo lilipofika Mahakama ya Juu, majaji watano dhidi ya wanne waliliidhinisha, tarehe 26 Juni 2018, na hoja mojawapo ya walio wengi ilikuwa kwamba maandishi yake hayasemi lolote kuhusu dini. Ni kweli, hayasemi. Imani ilikuwa imeshageuzwa kuwa pasipoti. Na imani, kwa uchache, mtu anaweza kuibadilisha. Mahali alipozaliwa hawezi.

Januari 2020 orodha ikaongezwa, na safari hii Tanzania ilikuwamo: raia wake walizuiwa kupata viza za ile bahati nasibu ya kuhamia Marekani. Sababu zilizotajwa zilikuwa za usalama na kubadilishana taarifa. Waliozuiwa ni Waislamu na Wakristo kwa pamoja, maana pasipoti yetu haina sehemu ya dini. Hata kwa majina usingewatenganisha. Katika ukoo wetu kuna Rashidi anayeimba kwaya kanisani, na ukimuuliza kwa nini anaitwa Rashidi atakujibu kwamba ni jina la babu, basi. Rais Biden aliifuta amri hiyo siku yake ya kwanza ofisini, Januari 2021.

Kinachonisumbua zaidi ni sheria zinazochagua dini kwa nia inayoonekana njema. Desemba 2019 India ilipitisha sheria ya kuwarahisishia uraia wahamiaji kutoka Afghanistan, Bangladesh na Pakistan: Wahindu, Masingasinga, Mabudha, Majaini, Maparsi na Wakristo. Walioitetea walisema hao ndio wanaoteswa kwa ajili ya dini zao katika nchi hizo, na mateso hayo yapo kweli. Ila Waahmadiyya wa Pakistan wanateswa pia. Tangu mwaka 1974 katiba ya nchi yao inawahesabu kuwa si Waislamu. Wakiuendea mlango ule wa India, haufunguki, kwa sababu hapo wanahesabiwa kuwa Waislamu. Nchi mbili zimewapa majibu mawili yanayopingana kuhusu wao ni nani, na yote mawili yamewaumiza. Sheria ile haikuwauliza wamefanyiwa nini.