FARADHI YA KIFAYA NA DAWA YA SARATANI YA MATITI

Wanazuoni wamezigawa faradhi mafungu mawili: faradhi ya aini, impasayo kila mtu kwa nafsi yake, na faradhi ya kifaya, ambayo wakiitimiza baadhi ya watu huwaondokea waliobaki, na wakiiacha wote huwa wote wamepata dhambi. Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra, katika kitabu chake Ihya aliutia utabibu katika fungu hili la pili; akailaumu miji isiyokuwa na tabibu Mwislamu, na huku wanafunzi wake wanasongamana katika fikihi.

Lawama hiyo ingaliko. Saratani ya matiti huwahadaa askari wa mwili, wakaidhani ni mwenzao wasiipige. Matabibu wamepata dawa za kuwazindua askari hao. Lakini dawa ikienea mwilini mote huweza kuwachochea wakadhuru hata viungo vizima. Basi wataalamu hutengeneza vyombo vidogo mno vya mafuta au vya protini, viitwavyo chembe za nano, vipimwavyo kwa nanomita, nayo ni sehemu moja katika sehemu milioni elfu za mita. Ndani yake hutiwa dawa, ipate kufika penye uvimbe. Mwaka 2005 Marekani iliruhusu dawa ya kuua saratani ya matiti iliyochukuliwa na chembe za namna hii. Ama zile za kuwazindua askari, nyingi zingali katika majaribio.

Mwanamke wa Singida, ambaye safari yake ya kuja pwani katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni kiasi cha kilomita 700, uvumbuzi huo haujamfikia. Je, dhambi ni ya nani? Si yake. Wala kusema ni kadari si jawabu, kwani Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha watu wajitibu. Mzigo ni wa wenye uwezo: tajiri ajengaye msikiti wa tatu katika mtaa mmoja, wala asimsomeshe mtoto mmoja elimu ya dawa, na mzee amzuiaye bintiye kusoma utabibu, kisha akachukia mkewe kutazamwa na tabibu mwanamume.

Ama mume, ana faradhi ya aini isiyongoja chembe za nano. Uvimbe katika ziwa, hata usipouma, ukiwahiwa aghalabu hutibika. Ukifichwa kwa haya hutambaa. Mwenye kushika nauli na ruhusa ndiye atakayeulizwa.

Wallahu a'lam.